Je, Kujikinga na Moto ni Upungufu wa Imani?

Barua imetufikia kutoka Pujini, kisiwani Pemba. Mwandishi wake anaeleza kwamba majira ya kaskazi yaliyopita mjomba wake alichoma mabiwi ili kulitayarisha shamba kabla ya masika. Upepo ukavuma, cheche zikaruka, banda la jiko la mwandishi likashika moto, na nusu ya paa la nyumba yake, lililokuwa la makuti, ikateketea. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Alipomwendea mjomba wake alijibiwa kwamba jambo hilo lilikwisha andikwa, na Mwislamu hapaswi kulihoji. Na alipotaja kuikatia nyumba bima, wazee wakamwambia kuwa huko ni kumkimbia Mungu. Anauliza: je, ni kweli?

Hebu kwanza tuitazame hoja hiyo ya kuandikwa. Hadhrat Umar r.a. alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kwamba huko kumezuka tauni, akaamua kurudi. Hadhrat Abu Ubaidah r.a. akamwuliza kama anaikimbia qadari ya Mungu. Akakiri kwamba ndiyo, anaikimbia, lakini anaikimbilia qadari nyingine ya Mungu yuyo huyo; na akatoa mfano wa mchungaji aliye katika bonde lenye kando mbili, moja yenye majani na moja kame. Popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa qadari ya Mungu. Wala hilo halimpi ruhusa ya kuwaua ngamia kwa njaa.

Na kuhusu moto wenyewe tunayo habari iliyo karibu zaidi. Hadhrat Abu Musa al-Ash'ari r.a. amepokea kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume Muhammad s.a.w. alipopewa habari aliwaambia watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime wanapokwenda kulala. Angalia vizuri, ndugu yangu: hakuwaambia wanyamaze kwa kuwa limekwisha andikwa. Msiba ulifuatwa na amri.

Wanavyuoni wa sheria walikwenda mbele zaidi. Walisema kwamba anayewasha moto katika ardhi yake mwenyewe siku ya utulivu, kwa kadiri ya desturi, kisha ukavuka kwa ghafla, halipi. Lakini aliyeuwasha wakati wa upepo huyo analipa kilichoungua. Barua yako inasema upepo “ukavuma”; haisemi kama ulikuwa ukivuma wakati kiberiti kinawashwa. Jambo hilo ulichunguze kwa uadilifu kabla ya kumdai mtu. Ila, kusema kweli, ni nani wa pwani asiyejua kwamba katika kaskazi upepo huongezeka jua likipanda? Akiwa mjomba alichoma adhuhuri, anadaiwa. Ukitaka kumsamehe, msamehe, na ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini hapana budi deni likubaliwe kwanza ndipo lisamehewe. Asiyekubali kwamba anadaiwa hujamsamehe kitu. Umemwachia tu kiberiti mkononi.

Sasa tuje kwenye kujikinga. Watu wengi hudhani moto wa nyika huila nyumba kwa kuijia kama ukuta wa ndimi. Wataalamu waliochunguza nyumba zilizoungua huko Marekani wameona kwamba mara nyingi huanza kwa cheche zinazopeperushwa mbali, zikatua juu ya paa au katika takataka kavu ukutani. Ndiyo maana wanashauri kwamba kiasi cha mita moja na nusu kuizunguka nyumba pasiwe na kitu kiwezacho kuungua. Mama zetu hawakusoma vitabu hivyo, lakini kila asubuhi hufagia kiwanja mpaka udongo ukaonekana! Tatizo ni makumbi, vifuu na kuni tunavyovirundika nyuma ya jiko, kisha tukavisahau. Na hapo Pujini yapo magofu ya ngome ya Mkama Ndume, yenye boma na handaki. Mtawala yule alimtenga adui na makao yake kabla hajafika. Nawe ukanda wa ardhi iliyolimwa wazi kati ya shamba na nyumba utakufaa vivyo hivyo.

Kuhusu bima, wanavyuoni wamehitilafiana, na wanaoipinga huogopa riba na bahati nasibu; hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini msingi wa kusaidiana katika hasara haukatazwi. Abu Musa huyo huyo amepokea jinsi Mtume s.a.w. alivyowasifu watu wa kabila la Ash'ari, ambao chakula kilipowapungukia walikikusanya katika nguo moja na kugawana sawasawa. Katika takaful, ambayo siku hizi iko Tanzania pia, wanachama huchangia mfuko wa pamoja ili atakayepatwa asaidiwe. Atakaye bima bila kuingia katika shaka aanzie hapo.

Walakini mfuko wowote huishi kwa sababu hasara humpata mmoja leo na mwingine kesho. Zikiungua zote siku moja, nani atamchangia nani? Mwezi Novemba 2018 moto uliuteketeza mji wa Paradise huko California. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yaliharibika. Mwezi Mei 2023 kampuni kubwa ya State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba katika jimbo hilo. Wapo waliosafisha viwanja vyao wakakosa bima kwa sababu ya mtaa mzima. Kwa hiyo, ndugu yangu, hata ukienda Chake Chake na fedha mkononi, utaulizwa paa lako ni la nini na jirani yako yuko umbali gani. Na jibu la swali la pili analo mjomba.

Nenda kwake kabla ya kaskazi nyingine. Mwombe mpatane kwamba mabiwi yachomwe alfajiri kukiwa shwari, nawe uwepo na ndoo za maji. Na kama una fedha ya bati chache tu, anza na banda la jiko; sebule ingoje.