Ikala Kidogo, Papa

Kwenye Rond-Point Chukudu, hapa Goma, amesimama mwanamume wa rangi ya dhahabu na chukudu yake. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 2009, na mwenye chukudu anaistahili. Viazi na kabichi za Kibumba hutufikia juu ya baiskeli hizo za mbao zisizo na pedali, pamoja na makala yanayopika chakula chetu. Katika vichochoro vya mawe ya volkano ya Nyiragongo, lava ya Januari 2002, chukudu hupita pale gari linapokwama.

Lakini simama chini ya sanamu hiyo usikilize. “Chukudu, toka njiani!” “We chukudu, bei gani?” Mtu anaitwa kwa jina la mti anaousukuma. Mwenye pikipiki naye huitwa “moto”, jina la pikipiki yake.

Inakuwaje mji uichongee kazi sanamu, kisha mwenye kuifanya apite bila kusalimiwa? Nadhani heshima ya jumla ni nyepesi. Unawasifu wachapakazi wote kwa pumzi moja, na hakuna anayekujibu. Salamu humlenga mmoja. Ukisema “Jambo, papa”, unabaki umening’inia mpaka yeye aseme “Jambo sana”, na kwa kitambo hicho kifupi yeye ndiye mwenye kutoa, wewe ni wa kungojea. Labda ndiyo sababu wengi wetu tunaikwepa.

Wapo watakaosema mwenye chukudu anatafuta pesa, hatafuti maneno matamu. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu utamu nao una hila zake. “Papa yangu, unisaidie” mara nyingi maana yake ni “punguza”. Undugu unatolewa bei ikijadiliwa, gunia likishashuka unafichwa. Tena tabasamu halilishi watoto wa mtu. Anayepunja ujira kwa upole amepunja vilevile. Kwa hiyo mimi hutazama kinachobaki baada ya malipo, pale ambapo hakuna tena cha kupata kwa mwenzako.

Juzi gunia la makala lilifika kwa jirani yangu, mama wa makamo. Kijana aliyelileta suruali yake imeisha gotini, mahali anapoegemea kipande cha kandambili kilichopigiliwa juu ya ubao. Mama alimhesabia pesa zake zote kwanza. Kisha akaleta kibao na kikombe cha maji.

“Ikala kidogo, papa. Umetoka mbali?”

Akaikala. Akaeleza kwamba mpira wa breki umekwisha, na mteremko wote wa Kibumba ameushuka akikanyaga gurudumu kwa kisigino. Mama akauliza mpira mwingine unapatikana wapi, na kisigino kinauma kiasi gani. Kijana akavua kiatu, akamwonyesha.

Alipoondoka nilisikia mbao zikigonga mawe mpaka kwenye kona. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, kikombe mkononi.