Kinyaa na Hukumu

Mara nyingi tunasikia mtu akisema juu ya jirani yake: «Yule ananitia kinyaa.» Na wote wanaosikiliza wananyamaza, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Hakuna anayeita shahidi, wala anayeuliza ni nani aliyeumizwa. Ndugu wasomaji, tunataka kuchunguza jambo hili kidogo, maana linafanya kazi katika mitaa na vijiji vyetu kuliko tunavyofikiri.

Kinyaa, kwanza, ni mlinzi wa kinywa. Nyama iliyooza, usaha, mzoga: mwili unakataa kabla akili haijafikiri. Uso unakunjamana, tumbo linachafuka, mtu anarudi nyuma. Mlinzi huyu ametuepusha na magonjwa mengi, wala hatumsemi vibaya. Mama anayemfundisha mtoto kunawa mikono akitoka chooni anamtumia kila siku.

Lakini mlinzi huyu anafundishwa na nyumba tuliyozaliwa. Sisi tunakula kumbikumbi na viwavi kwa furaha, na mgeni wa Ulaya anageuza uso. Yeye anakula jibini lenye ukungu, nasi tunatafuta mlango. Mwingereza Charles Darwin alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1872 jambo lililompata zamani, kusini kabisa mwa Amerika. Alikuwa akila nyama baridi iliyohifadhiwa. Mwenyeji mmoja akaigusa kwa kidole, akachukizwa kwa ulaini wake. Darwin naye akachukizwa kwa kuwa chakula chake kimeguswa na mtu asiyevaa nguo, ingawa, kama alivyoandika mwenyewe, mikono ya mtu yule haikuonekana michafu. Tazameni vizuri: mwenyeji alichukizwa na nyama, msomi alichukizwa na mtu.

Huko Marekani, mwaka 1986, mtaalamu wa elimu ya nafsi Paul Rozin na wenzake walitangaza majaribio yao. Walichovya ndani ya maji ya matunda mende aliyekufa, aliyekwisha kusafishwa hata asiwe na kijidudu chochote. Watu wakaelezwa hivyo. Hata hivyo hawakuyapenda tena maji yale. Wakaulizwa pia juu ya shati lililovaliwa na mtu wasiyempenda, kisha likafuliwa. Shati lilikuwa safi, nao hawakulitaka. Basi moyo wa mtu unaliona kosa kama uchafu unaoambukiza, usiotoka kwa sabuni.

Wengine walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2008 walitangaza kwamba mtu aliyekaa karibu na harufu mbaya, au mbele ya meza chafu, anahukumu makosa ya wengine kwa ukali zaidi. Habari hiyo ilienea sana. Lakini mwaka 2015 wataalamu wawili walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo, wakaona nguvu yake ni ndogo mno, pengine si kitu. Tunataja hayo ili mtu asije akasema kwamba harufu ndiyo inayotuhukumia. Hukumu ni yetu.

Nao wenye nia mbaya wanajua kukitumia kinyaa. Mwaka 1993 na 1994, redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi inyenzi, maana yake mende. Mende hashitakiwi, wala haulizwi amekosa nini. Anakanyagwa. Sisi tunaokaa karibu na mpaka ule hatuhitaji kuelezwa yaliyofuata.

Pengine mtu atatujibu: Je, hakuna mambo maovu ambayo kinyaa kinatuonya nayo kwa haki? Mmarekani Leon Kass aliandika hivyo mwaka 1997, alipokuwa akipinga kutengeneza mtu awe nakala ya mtu mwingine. Alisema kuna hekima ndani ya kinyaa. Tunakubali kiasi. Mtu anayedharau maiti, au baba anayemwingilia binti yake, anatuchafua tumbo, na ni vema iwe hivyo. Lakini tendo la baba yule si baya kwa sababu tumbo letu limechafuka. Ni baya kwa sababu mtoto ameonewa na yule aliyepaswa kumlinda. Na angalieni linalotokea mara nyingi: watu wakiisha kuchukizwa, wanamkwepa baba na binti pamoja.

Hapo ndipo kinyaa kinapoachana na hasira ya haki. Hasira ya haki inauliza: nani amemtenda nani? Kinyaa hakiulizi, kinataka tu kitu kiondoke mbele ya macho. Na anayeondolewa ni yule anayenuka, si yule aliyekosa.

Huku kwetu mashariki ya Kongo kuna wanawake wenye fistula. Wengine wameipata kwa uchungu wa kuzaa uliodumu mno, wengine kwa kubakwa. Mkojo, au hata choo, unatoka bila kuzuilika. Mume anamrudisha kwao. Kanisani benchi linabaki wazi kulia na kushoto kwake. Watu wanaanza kunong'ona kwamba lazima alifanya jambo. Mbakaji, yeye, anapita barabarani na nguo zilizopigwa pasi, hanuki, na anapewa kiti.

Injili ya Marko, sura ya 5, inasimulia habari ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa sheria ya kale kila alichokalia kilikuwa najisi. Alimgusa Bwana Yesu kwa siri, kwa nyuma, kama mtu anayeiba. Naye Bwana hakukubali yaishie sirini. Alimtafuta katikati ya msongamano, akamwita binti, wote wakisikia.

Madaktari wanajua kuliziba tundu la fistula. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, imewatibu wengi. Mwanamke akipona, harufu inakwisha kabisa. Kisha anarudi nyumbani, na pengine anakuta kikombe chake bado kimewekwa peke yake, kama kile cha maji ya mende. Hakuna daktari wa kikombe hicho. Lakini mama mkwe akikiosha na kukiweka pamoja na vingine, watoto wa nyumba wanamwona, nao wanakichukua na kunywa.