Haki ya Mwenye Kuumba

Mfinyanzi akifinyanga chungu kikatoka kombo, hukiponda na kuukanda udongo upya, wala hapana mtu amwulizaye sababu. Udongo ni wake na mikono ni yake. Je, kama chungu kile kingeweza kuumia, haki yake ya kukiponda ingebaki pale pale? Swali hili si mchezo wa maneno. Nimewasikia wazazi, watu wazima wenye heshima zao, wakimwambia mtoto: "Nimekuzaa mimi, na nitakufanya nitakavyo." Hoja yao ni ile ile ya mfinyanzi.

Mtu mmoja aliyelifikiri sana jambo hili ni J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892 na kufa mwaka 1973. Alibuni ulimwengu mzima wenye lugha zake, milima yake na mungu wake, na hadithi za mwanzo wa ulimwengu huo zilipigwa chapa mwaka 1977 katika kitabu kiitwacho The Silmarillion. Mungu huyo wa kubuni jina lake ni Ilúvatar. Kwanza aliumba roho tukufu kutokana na mawazo yake, akazifundisha kuimba, kisha akauumba ulimwengu kwa mfano wa wimbo wao.

Miongoni mwa roho hizo alikuwako Aulë, mhunzi. Aulë alijua kwamba Ilúvatar ataleta viumbe wenye akili, lakini siku yao ilikuwa bado, naye alikuwa na hamu kubwa ya kupata wanafunzi wa kuwarithisha kazi zake. Akajificha chini ya milima akafanya Watu Wafupi saba, wagumu kama mawe. Saa ile ile alipokwisha, akiwa ameanza kuwafundisha lugha aliyowatungia, sauti ya Ilúvatar ilimjia.

Ilúvatar alimwonyesha kwamba alichofanya ni vinyago tu. Aulë akiwaza watembee, watatembea. Mawazo yake yakienda kwingine, watasimama kama magogo. Hapa pana jambo la kutafakari. Wale saba walikuwa na utii usio na doa, utii ambao mabwana wengi wangeutamani, na utii huo ndio uliokuwa ushahidi kwamba hawakuwa hai.

Mhunzi akajuta. Alijitetea kidogo, kwamba mtoto akiiga kazi ya babaye hamfanyii dhihaka, bali huiga kwa kuwa ni mwanawe. Kisha akamtolea Ilúvatar kazi yake yote, akainua nyundo kubwa ili aivunje, huku machozi yakimtoka. Msomaji atamkumbuka Ibrahimu na kisu chake. Lakini Ibrahimu aliamriwa, na Aulë hakuamriwa na mtu. Wale Watu Wafupi wakarudi nyuma, wakainamisha vichwa, wakaomba rehema. Ilúvatar akamzuia mhunzi: alikwisha kuwapokea na kuwapa uhai wao wenyewe, kwani kama wasingekuwa nao, wasingeiogopa nyundo.

Kwangu mimi, uzito wote wa hadithi umo katika ile hatua moja ya kurudi nyuma. Alama ya uhai haikuwa kusema wala kutembea, bali kukataa yale ayatakayo aliyekufanya. Ampaye mwingine uhai wa kweli hutoa pamoja nao ile haki ya mfinyanzi, na akitaka kuirudisha hurudisha kisichokuwa chake tena. Mtoto ajikunyataye fimbo inapoinuliwa hamvunjii baba heshima. Amwambia tu kwamba yumo humo ndani mtu mwingine.

Lakini Tolkien mwenyewe hakutuachia njia nyepesi. Katika kitabu hicho hicho mna habari za kisiwa cha Númenor, ambacho mfalme wake, Ar-Pharazôn, kwa kuogopa kufa, alipeleka merikebu za vita kuzivamia nchi za roho tukufu. Roho hizo zikaweka chini mamlaka yao zikamwita Ilúvatar, naye akaugeuza ulimwengu. Merikebu tisa za waaminifu ziliokoka. Kisiwa kilizama chote, pamoja na wanawake na watoto ambao hawakupanda merikebu ya vita hata moja. Malkia Míriel, aliyeolewa kwa nguvu na kunyang'anywa kiti chake cha haki, alikuwa akiukwea mlima mtakatifu wimbi lilipomfikia.

Mtu aweza kumtetea Ilúvatar kwa kusema kwamba uhai ule alikuwa ameutoa yeye. Jibu hilo ni la mfinyanzi, na kitabu kilikwisha kulikataa mbele ya nyundo ya Aulë. Watoto wa Númenor nao, maji yalipoinuka, bila shaka walirudi nyuma kama wale saba, wala safari hii nyundo haikuzuiwa.