Ukweli wa Moyo Hautoshi

Mwaka juzi, saa nane usiku, nilimtumia mtu ujumbe wa sauti wa dakika sita. Tulikuwa tumeachana miezi mingi. Nikamwambia kila kitu: kwamba bado nampenda, kwamba nimejaribu kumsahau nikashindwa, na kwamba hata marafiki zangu walisema hanifai. Nililala kama mtu aliyetua mzigo. Asubuhi nikakuta jibu la mstari mmoja: "Sasa nifanye nini na hayo yote?"

Nilikasirika. Kwani kosa langu lilikuwa gani? Si nilisema ukweli?

Jibu lilinijia baadaye, nikisoma Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa 1813. Bwana Darcy anamwendea Elizabeth Bennet kumposa. Hadanganyi hata kidogo. Anampenda kweli, na anamweleza pia jinsi alivyopigana na penzi hilo kwa sababu jamaa zake Elizabeth ni wa hadhi ya chini. Yaani anamposa huku akimtukana, halafu anangoja akubaliwe kwa kuwa amefungua moyo! Elizabeth anakataa. Ana sababu nyingine pia, maana Darcy ndiye aliyemtenga dada yake Jane na mwanamume aliyempenda. Lakini namna ya kuposa yenyewe ilikuwa jeraha.

Wengi wetu tunaamini hisia ya kweli ni ile isiyochujwa. Ukipanga maneno, eti unaigiza. Mimi sikubali tena. Darcy hakuchuja chochote, na yote aliyomwaga yalimhusu yeye: mateso yake, fahari yake, vita vyake vya ndani. Elizabeth alikuwa msikilizaji tu.

Sasa tazama posa ya pili. Kufikia hapo Darcy ameshaiokoa familia ya Elizabeth na fedheha ya mdogo wake Lydia, kwa pesa zake mwenyewe, na akataka isijulikane. Anapozungumza, anasema penzi lake halijabadilika, lakini Elizabeth akitamka neno moja tu la kukataa, hatalitaja tena milele. Penzi ni lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii amemwachia mwenzake mlango wazi.

Mtu ataniambia, "Basi hiyo nayo ni mbinu tu." La. Mwenye mbinu huhakikisha hapotezi. Darcy hapa anaweza kupoteza kila kitu, na anajua. Kwangu mimi, hapo ndipo hisia inapopimwa: je, inamwona mtu wa upande wa pili kuwa na moyo wake pia, na haki ya kusema hapana? Kama haimwoni, inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa ya uchoyo.

Juzi niliusikiliza tena ule ujumbe wangu. Dakika sita nzima, na hakuna mahali nilipomuuliza yeye anaendeleaje. Hata mara moja.

Nikamwandikia meseji fupi ya kuomba radhi, nikaongeza kwamba si lazima ajibu. Hajajibu. Na kusema kweli, bado naangalia simu.