Asiambiwe

Wiki mbili baada ya kumzika nyanya, tulianza kutoa vitu kwenye nyumba yake kule karibu na Mwatate. Wakubwa waligawana vitu vya maana: sufuria za sherehe, cherehani, shuka ambazo hazikuwahi kutandikwa kwa sababu zilikuwa zinangoja wageni. Mimi nilipewa vitabu. Maagizo yalikuwa sentensi moja tu: "Angalia kama kuna cha kufaa, kingine mpelekee yule mama wa mandazi afungie."

Vilikuwa kwenye sanduku la bati, lile la bweni ambalo kila nyumba ya upcountry inalo. Mle ndani mlikuwa na ramani za dunia ambamo Zaire bado ipo na Umoja wa Kisovieti umepakwa rangi moja kutoka Ulaya hadi Pasifiki. Mlikuwa na vitabu vya fizikia, vya Kiswahili, vya kilimo. Familia yetu haikununua kitabu mara mbili. Ukifungua jalada unakuta safu ya majina, kila jina limekatwa na yule aliyefuata: shangazi, kisha baba, kisha baba mdogo, kisha mabinamu wawili wa miaka ya 1990. Yaani ni kama orodha ya wafalme, kila mmoja akimpindua mwenzake kwa kalamu.

Nilikaa chini nikaanza kusoma, si masomo bali yale yaliyoandikwa pembeni. Mtu alikuwa amemchorea mwanasayansi fulani masharubu na miwani. Mwingine aliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ukitaka kujua jina lake uende ukurasa wa 40, ukifika wa 40 unatumwa wa 12, wa 12 unakutuma wa 97, na huko wa 97 unakuta neno moja tu: "Mjinga." Nilicheka peke yangu. Miaka thelathini na kitu baadaye, mtego ulikuwa bado unafanya kazi.

Halafu nikafika kwenye kile kitabu chembamba cha majedwali ya hesabu, cha logariti. Wengi wenu mnakijua. Hata sisi wa juzi tuliofanya KCSE tulikuwa nacho. Ni kitabu ambacho huruhusiwi kuandika chochote ndani, kwa sababu unaingia nacho kwenye mtihani, na msimamizi akikuta hata mstari mmoja wa penseli utaambiwa ni mwakenya. (Inafaa kukumbuka neno hilo lilikotoka. Mwakenya lilikuwa kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi miaka ya 1980, na watu walifungwa kwa kushukiwa tu kwamba wana karatasi zake. Wanafunzi wakalichukua jina wakakipa kile kijikaratasi cha kuibia mtihani. Kitu kilichoandikwa kwa siri, ambacho ukishikwa nacho umekwisha.)

Kitabu hicho kilikuwa na kava mbili. Ya juu ilikuwa ya khaki, na jina la baba limeandikwa kwa herufi kubwa. Chini yake kulikuwa na kava ya gazeti, imekauka kama jani la mgomba. Niliitoa kwa uangalifu kwa sababu nilitaka kusoma hilo gazeti, si kwa sababu nilishuku lolote. Upande wa ndani, pale ambapo gazeti lilikuwa limegusana na jalada lenyewe, palikuwa na mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu. Nanukuu yote:

"Agosti 1988. Hesabu 81, nimekuwa wa 2 kati ya 38. Karo imebaki 1,150. Mbuzi wawili wameuzwa. Haitoshi watu wawili. Mmoja asome. Nimemwambia mama asome yeye. Asiambiwe."

Huo ni mwandiko wa shangazi yangu. "Yeye" ni baba yangu.

Ili uelewe kwa nini nilikaa kwenye ile sakafu hadi mguu ukafa ganzi, inabidi nikwambie jinsi hadithi ya shangazi inavyosimuliwa kwetu. Inasimuliwa kwamba aliacha shule kidato cha pili kwa sababu hakuwa na kichwa cha masomo. Haisemwi kwa ubaya. Inasemwa kama vile mtu anavyosema fulani ni mrefu. Baba alikuwa na kichwa, akaendelea, akapata kazi ya ofisi. Shangazi hakuwa nacho, akaenda kwenye shamba la mkonge, baadaye akaanza kuuza mboga sokoni. Na mimi nilipoacha chuo mwaka wa tatu, kuna mtu mzima mmoja kwenye familia aliyesema mbele ya watu: "Huyu amemfuata shangazi yake." Watu wakatikisa vichwa. Shangazi mwenyewe alikuwa hapo, akimenya viazi.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolihisi halikuwa huruma. Ilikuwa furaha, tena furaha mbaya, ya mtu aliyepata silaha. Nilijiona nimesimama mbele ya ukoo mzima nikisoma hizo sentensi kwa sauti. Nilishatoa simu kupiga picha.

Neno la mwisho ndilo lililonizuia.

Swali ambalo limenisumbua tangu siku hiyo ni hili: ukipata maandishi ambayo hayakuandikiwa wewe, una haki gani juu yake? Na kama yana ukweli ambao unaweza kumtoa mtu kwenye uongo wa miaka mingi, je, ukweli huo ni wako kuutoa?

Kuna jibu la haraka ambalo wengi wetu wa rika hili tungelitoa: ukweli hauna mwenyewe. Toa, post, watu wajue. Na kuna mfano mzuri wa kulitetea. Pierre de Fermat, Mfaransa mmoja wa karne ya 17, alikuwa na nakala yake ya kitabu cha hesabu cha Diophantus. Mnamo 1637 hivi aliandika pembeni mwa ukurasa kwamba amepata uthibitisho wa ajabu wa jambo fulani, ila nafasi ya pembeni ni ndogo mno hautoshei. Alikufa mwaka 1665. Mwaka 1670 mwanawe akachapisha kitabu hicho pamoja na maandishi ya babake. Wanahisabati waliuhangaikia mstari ule kwa zaidi ya miaka 300, hadi uthibitisho wa Andrew Wiles ulipochapishwa mwaka 1995. Kama mwana angesema "haya ni ya mzee, tuyaache," dunia ingekosa kitu kikubwa.

Mfano huo niliupenda kwa siku kama mbili. Kisha nikaona hautoshi. Fermat hakuandika "asiambiwe." Na Fermat alikuwa amekufa, hakuna namna ya kumuuliza. Shangazi yangu yuko hai, anauza sukuma na nyanya mwendo wa dakika arobaini kutoka nilipokuwa nimekaa. Kusoma maandishi ya mtu aliye hai na kuanza kubishana kichwani kama atakubali, badala ya kwenda kumuuliza, hiyo si falsafa. Ni uoga uliovaa suti.

Lakini upande wa pili nao una maswali. Ningeweza kusema: siri ni siri, rudisha kava, funga sanduku. Tatizo ni kwamba msichana yule wa 1988 hakuandika kwenye shajara. Aliandika kwenye kitabu ambacho alijua vizuri kitaenda kwa nani. Nyumba hiyo hakuna kitabu kilichokaa bila kurithiwa. Kama alitaka kweli isijulikane kabisa, angenyamaza tu, kunyamaza hakuhitaji kalamu. Badala yake aliandika, akaficha, akamkabidhi ndugu yake mahali palipofichwa. Baba akaweka khaki yake juu ya gazeti la dada yake, akabeba kitabu hicho hadi kidato cha nne. Kila alipotafuta logi ya namba yoyote, alikuwa ameshika ile barua mkononi.

Nafikiri mtu anaweza kutaka vitu viwili kwa wakati mmoja: jambo lisijulikane, na jambo lisipotee. Mtu anayetaka hivyo haandiki barua wala hachomi karatasi. Anaandika chini ya kava.

Na kuna jambo jingine lililonilazimu kuwa mkweli. Nilitaka kutumia maandishi yale kujitetea, eti tunaoacha shule si wajinga, tazameni. Lakini shangazi aliacha shule akiwa wa 2 kati ya 38 ili mwingine asome. Mwaka huohuo wa 1988 ripoti ya Kamunge ilitoka na serikali ikakumbatia sera ya kugawana gharama, yaani serikali ilipe walimu na mzazi abebe mengi yaliyobaki. Nyumba nyingi zilipiga hesabu kama ile ya mbuzi wawili, na nyingi zilipata jibu lilelile: msichana abaki. Mimi niliacha chuo nikiwa na karo iliyolipwa, na baba yule ambaye elimu yake ilinunuliwa kwa kiti cha dada yake ndiye aliyeilipa. Niliacha kwa sababu nilichoka na nilikuwa nasoma kitu nisichokipenda. Bado naamini nilifanya sawa. Lakini siwezi kusimama karibu na shangazi kwenye picha hiyo. Yule mtu mzima alikosea mara mbili: shangazi hakukosa kichwa, na mimi sikumfuata.

Basi nikapanda matatu, nikaenda sokoni.

Nilimkuta akipanga nyanya mafungu mafungu. Nilimpa kitabu bila kusema kitu. Alifuta mikono kwenye leso, akageuza kava ya khaki, akaona gazeti, na nikajua kwamba amekumbuka kabla hajafungua. Alisoma. Alichukua muda mrefu kuliko yale maneno yanavyohitaji. Kisha akafunga kitabu, akasema: "Logi ya mbili."

"Ati nini, shangazi?"

"Logi ya mbili ni 0.3010. Ya tatu ni 0.4771." Akacheka. "Nilikuwa nikizisoma usiku kama mtu anayesoma Zaburi."

Nikamwuliza kama nimwambie baba. Akamhudumia mteja kwanza, akarudisha chenji bila kutazama pesa. Halafu akasema hivi, na nimejaribu kuyaandika kama alivyoyasema:

"Baba yako anajua kusoma. Angetaka kujua kwa nini niliacha, angeuliza. Hakuhitaji kuchungulia chini ya kava. Miaka yote hii nipo hapa." Akanyamaza kidogo. "Usimwambie. Nilisema asiambiwe, na bado nasema. Lakini wakisema tena mbele yako kwamba sikuwa na kichwa, wewe usinyamaze."

Nilitoka pale na jibu ambalo sikuwa nimelipata kwa wiki nzima ya kufikiri. Nilikuwa nimechanganya siri na uongo, nikidhani ukitunza kimoja unatunza na kingine. Siri ya shangazi ni yake: kwa nini aliacha, alimwambia nini mamake, nani aliyefaidika. Hiyo nina wajibu wa kuifunika. Uongo kwamba hakuwa na kichwa si siri ya mtu. Huo uliota wenyewe pale ambapo hakuna aliyeuliza, na uliendelea kuishi kwa sababu ulikuwa unatufaa sote. Ulimfaa baba, asijione ana deni. Ulinifaa hata mimi, maana ulinipa mtu wa kufanana naye. Kuukataa uongo huo hakuhitaji kufichua chochote. Kunahitaji tu mtu aseme, viazi vikiwa vinamenywa, "Hapana, si kweli," na akiulizwa umejuaje, ajibu, "Muulizeni mwenyewe."

Sijui kama jibu hili linafaa kila nyumba. Kuna siri ambazo uongo umejifunga nazo kiasi kwamba huwezi kukata kimoja bila kukata kingine. Kuna maandishi ambayo mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa, na hapo nadhani mtu anabaki na kazi ngumu ya kukisia, na anapaswa angalau kukisia kwa niaba ya mwenye mwandiko, si kwa faida yake. Ila kama yuko hai, nenda. Nauli ya matatu ni rahisi kuliko kukisia.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Alisema niandike, ila nisitie jina la mtu, hata la mbuzi. Nikamwuliza, na baba akisoma je? Akasema akisoma, basi atakuwa ameanza kutafuta, na huo utakuwa mwanzo mzuri.

Vitabu vingine nilimpelekea mama wa mandazi, nilivyoagizwa. Yule wa ukurasa wa 97 nilimbakisha, ni wangu sasa. Kitabu cha logariti kipo sokoni, chini ya meza, karibu na mfuko wa chenji. Shangazi amekivalisha kava mpya, ya karatasi ya kalenda, na mbele ameandika jina lake peke yake. Sikuuliza kama ile kava ya gazeti bado ipo chini.