Mawaidha Juu ya Mhina na Ile Iitwayo Hina Nyeusi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, mti wa mhina mwaujua. Hurefuka mita 2 mpaka 6, maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu njema. Hustahimili jua na ukavu. Mwenye kuupanda huroweka mbegu siku kadhaa akibadilisha maji, au hukata kijiti akakichomeka penye udongo usiotuamisha maji. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, huchungwa, kisha hukandwa kwa maji ya ndimu.

Sheria haikuliacha jambo hili bila mpaka. Mwaka wa 8 wa Hijra, siku ya kufunguliwa Makka, aliletwa Abu Quhafa, babake Sayyidna Abubakar, nywele na ndevu zimekuwa nyeupe kabisa. Mtume (S.A.W.) akaamrisha weupe ule ubadilishwe, na weusi uepukwe. Kwa hiyo mzee kutia ndevu zake hina ni sunna. Ama mwanamume kujipaka mikono na miguu kwa pambo, Imamu Nawawi amebainisha kuwa ni haramu, ila kwa haja ya dawa. Mke kumpambia mumewe ni jambo jema. Aliyefiwa na mumewe hujizuia mpaka eda yake imalizike. Wala rangi ya hina haizuii udhu. Kinachozuia ni tope lake likiwa bado limeganda juu ya ngozi.

Sasa tazameni lililoingia. Wako wapakaji wachanganyao hina na dawa ya kutia nywele weusi, au waipakao dawa hiyo peke yake, wakaiita piko au hina nyeusi. Ndani yake huwa mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Ngozi ya mtu huweza kuwasha, ikafura, ikatoka malengelenge na kubaki na makovu. Na mwili ukisha kuikataa mara moja huikataa daima: miaka baadaye mtu hutia nywele zake dawa, uso wote ukavimba.

Alama ya kuipambanua ni nyepesi. Hina ya kweli yataka saa nyingi. Huanza na rangi ya machungwa, kisha kwa siku moja au mbili huiva ikawa nyekundu ya kahawia. Iliyokuwa nyeusi kama wino kwa muda wa saa moja, hiyo si hina. Na hata hina safi asipakwe mtoto mchanga, kwani wako wazaliwao na upungufu katika damu, nayo huwavunjia chembe za damu.

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya wanawake, sisi yatuhusu nini? Basi na ajiulize: ni nani alipaye gharama za harusi? Ni nani ampaye bintiye fedha usiku wa kuamkia Idi akapakwe? Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Na wewe mwenye duka, kumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka akakuta chini imelowa, akamkana mwenye kudanganya. Kuuza dawa ya nywele kwa jina la hina ni udanganyifu ule ule. Nao wanavyuoni wameweka kanuni kwamba madhara huondolewa. Basi pambo lenye kuunguza mikono ya bibi harusi halina udhuru.

Ewe ndugu, panda mhina mmoja penye pembe ya ua wako. Nyumba yako itapata hina uijuayo asili yake, jirani atachuma, na kila atakayenufaika nao utaandikiwa sadaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wasikiao neno wakafuata lililo bora. Wabillahi ttaufiq.