Askari Mmoja wa Mkuki

Gemu ninayoipenda kuliko zote imepita miaka 25. Inaitwa Heroes of Might and Magic III. Ilitoka mwaka 1999, kazi ya kampuni ya Kimarekani iliyoitwa New World Computing, na kampuni yenyewe ilishakufa zamani. Picha zake ni bapa, wapiganaji wake wanatembea kama vikaragosi, lakini watu hawajaiacha. Huko Poland na Urusi ina mashabiki walioanza kuicheza utotoni, na wako waliokaa miaka wakiiongezea miji na ramani mpya kwa mapenzi tu.

Kwa asiyeijua, mambo yako hivi. Unapewa mji, shujaa aliyepanda farasi, na askari wachache. Sehemu kubwa ya ramani ni giza. Shujaa ana hatua zake za siku. Zikiisha unabofya kioo cha mchanga, zamu inakwenda kwa adui, kisha inarudi kwako siku inayofuata. Unakusanya rasilimali 7: mbao, mawe ya madini, zebaki, salfa, fuwele, vito na dhahabu. Kila baada ya siku 7 wanajimu wanatangaza wiki mpya, na mjini wanakuwapo wapiganaji wapya wa kuajiri. Mara chache wanajimu wanatangaza mwezi wa tauni, na idadi ya watu inakatika nusu. Unasoma, unabofya, unaendelea.

Ukiniuliza kinachonivuta, sitakwambia majoka wala malaika. Ni ule uwazi. Mwanafalsafa C. Thi Nguyen, katika kitabu chake Games: Agency as Art cha mwaka 2020, anaeleza kwamba gemu inatupa kitu ambacho maisha hayatupi: lengo lililo wazi, na kipimo kisichobishaniwa cha kujua kama umelifikia. Nje ya gemu sijui kama mwaka huu nimekuwa mtoto mzuri kwa mama yangu. Hakuna sehemu kwenye kona ya skrini inayoniandikia. Ndani ya gemu najua kwamba nina dhahabu 7,400, wapiga mishale 38, na siku mbili kabla ya wiki mpya. Mtu aliyetoka kwenye siku ya kubahatisha mambo yote anapumzika hapo kama aliyetua mzigo. Ndiyo maana saa tano ya usiku unasema "siku moja tu, nilale," na unaposikia adhana ya alfajiri bado unajenga.

Kero zake nazo si siri. Shujaa akipanda ngazi unaletewa ujuzi wa aina mbili uchague mmoja, na kuna siku unausubiri uchawi wa ardhi, unapewa jicho la tai, ujuzi ambao wachezaji wamekuwa wakiucheka tangu mwanzo. Halafu kuna ule mwisho usioisha. Kufikia wiki ya nne mara nyingi unajua umeshashinda: jeshi lako ni kubwa, la adui limekwisha. Lakini kishujaa chake kimoja chenye askari wawili kinazunguka msituni kikikupokonya machimbo, na wewe unapoteza saa nzima kukifukuza. Hata baada ya kupoteza miji yote, adui anapewa siku 7 za kutwaa mwingine kabla ya kuondolewa. Ushindi umepatikana, kilichobaki ni ukarani.

Hizo ni kero za kawaida, ninazivumilia. Lipo jambo lingine, na hilo si kero ya gemu peke yake.

Jeshi la shujaa lina nafasi 7 za vikosi. Katika vita, kikosi kikishambuliwa kwa mkono kinajibu pigo, lakini kwa kawaida kinajibu mara moja tu kwa raundi. Kwa hiyo wachezaji wazoefu wana mbinu ambayo mtu yeyote atakufundisha katika wiki yako ya kwanza. Unamtoa askari mmoja wa mkuki kutoka kwa wenzake, unampa nafasi yake peke yake, naye anakuwa kikosi cha mtu mmoja. Vita vikianza unamtanguliza amchokoze joka. Joka linajibu, yeye anakufa, na jibu la joka limekwisha kwa raundi ile. Sasa wale unaowathamini wanaweza kupiga bila kuguswa. Askari wa mkuki ndiye mpiganaji wa bei ya chini kabisa katika mji ule. Wiki ijayo watapatikana wengine.

Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri mno. Na kila ninapoitumia nina muda wote duniani. Hapo ndipo gemu ya zamu inapotofautiana na gemu za kukimbizana na kupigana risasi. Saa haihesabu. Naweza kwenda kupika chai, kuoga, kupokea simu ya shangazi, nikirudi joka bado limesimama palepale likinisubiri niamue.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Nimeukubali usemi huo maisha yangu yote, na nadhani wengi wetu tumejijengea juu yake nadharia nzima ya maadili: mabaya mengi ya binadamu yanatoka kwenye papara, hasira na kukosa nafasi ya kufikiri. Mpe mtu utulivu, naye atatenda wema. Lakini lugha hiihii ina methali nyingine inayotembea kwa miguu ya kunyata: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Utulivu ni chombo. Unamsaidia mwenye huruma kuona vizuri zaidi, na unamsaidia mwindaji kuona vizuri zaidi. Mbele ya joka, nikiwa nimetulia na kikombe cha chai mkononi, sifikirii kama yule mmoja aende. Nafikiria apite upande gani.

Najua utakachosema: ni picha tu. Ni kweli, na sitaki kulikwepa hilo. Hakuna aliyekufa. Kwenye bao hakuna anayezililia kete. Tena bao ni la upole kuliko tunavyolisifu: kete 64 zinazoanza ndizo zinazomaliza, maana ukila za mwenzako unazipanda upande wako. Hata hivyo, kutokuwapo kwa mwathirika hakumalizi swali. Kant aliwaambia wanafunzi wake kwamba anayewatendea wanyama ukatili anaugumisha moyo wake kwa watu. Aliamini wajibu wetu kwa mnyama ni wajibu kwa ubinadamu wetu wenyewe. Simkubalii kuhusu wanyama, kwa sababu punda anaumia kwa haki yake mwenyewe. Lakini kwa askari wa skrini, asiyeumia kabisa, hoja yake ndiyo inayobaki: kilichopo cha kuulizia ni mimi tu.

Na gemu hii, tofauti na bao, inajifanya ina watu. Ina hadithi. Malkia Catherine anarudi Erathia kumzika baba yake, Mfalme Gryphonheart, na kukuta wachawi wa nchi ya Deyja wamemfufua awe maiti inayoongoza majeshi yao. Tunatakiwa tuchukizwe, nasi tunachukizwa: mwili wa mzazi umefanywa chombo. Kisha ramani nyingine inakuacha uwe wewe ndiye mchawi wa wafu. Kila ukishinda vita, sehemu ya waliokufa inainuka kama mifupa inayotembea na kujiunga nawe. Mjini kwako unaweza kujenga mtambo unaogeuza wapiganaji wako walio hai wawe mifupa. Ni mojawapo ya njia zenye nguvu kuliko zote za kushinda.

Nimewacheza wote wawili, malkia na mchawi, na kuna jambo linanitatiza. Mchawi anawatumia waliokwisha kufa. Malkia anatumia walio hai, kwa mmojammoja, chini ya bendera nzuri na muziki wa heshima. Shujaa wake akizidiwa anaweza kukimbia: jeshi lote linapotea, yeye anasubiri kwenye baa ya mjini hadi umwajiri tena kwa dhahabu 2,500, akiwa na ujuzi wake wote. Shujaa ana jina na sura. Askari wana namba pembeni ya miguu yao. Gemu inaniambia nani mwovu kwa rangi za mji, lakini hesabu ya pande zote mbili ni ileile.

Kuna swali moja ambalo gemu inauliza kwa maneno. Jeshi lako likiwa kubwa sana, wapiganaji waliokuwa wakilinda njia wanaweza kuogopa na kuanza kutawanyika. Kidirisha kinafunguka: unataka kuwafukuza na kupigana nao, ndiyo au hapana? Ukiwaacha, njia ni yako. Ukiwafukuza, shujaa anapata alama za uzoefu. Hakuna adhabu kwa ndiyo, hakuna tuzo kwa hapana. Mchezaji makini anabofya ndiyo, kwa sababu alama zinahesabika na huruma haihesabiki. Siamini kwamba anayebofya ndiyo ni mtu mbaya. Ninachoamini ni kwamba dirisha lile linaonyesha kwa usafi wa ajabu jinsi huruma inavyotoweka: haishindwi katika mjadala, ila inakosa safu kwenye jedwali.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa katika kampuni iliyouza bidhaa kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo. Tulikuwa vijana wa mkataba wa miezi mitatu. Kulikuwa na maeneo ambako bidhaa za awali ziliharibika mapema, na wateja walikuwa na hasira ya haki. Sisi wapya tulipelekwa huko kwanza, bila kuelezwa. Tulitukanwa, mwenzangu mmoja alivuliwa fulana ya kampuni sokoni. Wiki mbili baadaye, hasira zikiwa zimekwisha kutoka, waliajiriwa wa kudumu wakaja na ofa mpya na kufanya mauzo mazuri. Mkuu wetu hakuwa katili. Alijua majina ya watoto wetu. Hakuwa hata na haraka: mpango ule ulikaa ubaoni siku kadhaa, kwa wino wa rangi mbili, na alitusalimia kila asubuhi akipita mbele yake. Idara iliyotuajiri iliitwa, kama kila mahali, ya rasilimali watu.

Sidhani mkuu yule aliwahi kucheza gemu yoyote, na kwa hiyo sitailaumu gemu kwa alichofanya. Anachokihofia Nguyen si kwamba gemu zitatufanya wauaji. Ni kwamba tutautamani ule uwazi wake mahali usipostahili, tukubali kupimwa na kupima kwa vitu vinavyohesabika tu, kisha tusahau kwamba kipimo kilichaguliwa na mtu. Ndani ya gemu uwazi ni halali, kwa kuwa kila kitu kilichoachwa nje ya hesabu hakipo kweli. Askari wa mkuki hana mama. Mwenzangu wa pale sokoni alikuwa naye, na jioni ile alimpigia simu akamwambia kazi inaendelea vizuri.

Kwa hiyo naendelea kucheza, na namtanguliza yule mmoja bila kujidanganya kwamba ninatenda dhambi. Ninachokipata pale ni kitu adimu: kuiona hesabu ikiwa uchi, bila maneno ya heshima juu yake, ili niitambue nikikutana nayo imevaa suti.

Na kuna hili pia. Kabla ya ramani kuanza, gemu inakuandikia sharti la kushinda na sharti la kushindwa. Waliotengeneza ramani walikuwa na orodha fupi ya kuchagua. Unaweza kushindwa kwa kupoteza mji fulani, kwa kumpoteza shujaa fulani, au kwa kuishiwa muda. Hakuna ramani inayoweza kuandikwa kwamba utashindwa ukimpoteza askari mmoja wa mkuki. Kwenye gemu, orodha hiyo umeisoma na kuikubali kabla hujabofya chochote. Ofisini, serikalini, nyumbani, orodha ipo vilevile, ila mara nyingi hakuna aliyekuonyesha, na haikosi mwandishi. Ni haki ya aliyetangulizwa kuuliza ni nani.